Maswali Matano na Bega Moja

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Habari za Lwangwa?"

"Nzuri tu. Mvua inanyesha, ndizi zipo. Tunamshukuru Mungu."

Kifungo kidogo kilichobanwa kwenye kola ya Atuganile kiliwaka kijani, na hapo hapo alitamani amzibe mzee mdomo. Kibaba, mtambo ulioamua nani atibiwe na vipi, kilikuwa kimeanza kusikiliza.

Waliokitengeneza Kibaba waliapa kwamba salamu hazihesabiwi, na kusema kweli hazikuhesabiwa. Tatizo halikuwa kwenye mtambo. Mtu wa Rungwe akishasema nzuri mlangoni, hawezi kukaa kitini na kuanza kusema mbaya. Ataonekana mwongo, au mtu asiyejua kuzungumza na wenzake. Kwa hiyo wazee walikuja kliniki wakiwa wameshajifunga wenyewe kwa salamu, na kamba hiyo Atuganile hakuruhusiwa kuifungua. Kazi yake aliyoajiriwa kufanya ilikuwa kusoma maswali matano kama yalivyoandikwa, bila kuongeza neno, bila kutikisa kichwa, hata bila kuguna. Kuguna tu kulimpotezea mgonjwa alama.

Mzee Ambilikile alinyoosha mkono kumsalimu. Aliunyanyua mkono wa kulia kwa kuushika kifundoni na mkono wa kushoto, kama mtu anavyonyanyua kitu cha mwenzake asije akakivunja, akauweka kiganjani mwa binti. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Lakini nani amsalimie mtoto wa watu kwa kushoto?

Atuganile alimjua. Alipokuwa na miaka minane, mzee huyu ndiye aliyepiga lipu dari ya sebule ya kwao, akachora kwa mwiko mawimbi kutoka pembe hadi pembe, na mtoto alikuwa akilala chali sakafuni mchana kutwa akiyafuata kwa macho. Siku hizi nyumba zilimwagwa na mashine kwa siku mbili, dari na kila kitu, ila makanisa na nyumba za wenye kujali zilikuwa bado zinamtafuta fundi wa mkono. Mzee alikuwa ameifikisha nusu dari ya kanisa la kwao Lwangwa. Upande wa kushoto ulikuwa mawimbi matupu, upande wa kulia mbao.

"Swali la kwanza," Atuganile alisoma. "Je, una shida yoyote ya kutembea?"

"Hapana. Natembea."

"La pili. Je, unahitaji msaada wa mtu mwingine kuoga au kuvaa nguo?"

Mzee alitazama ukuta. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, nalo siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwapani lilikuwa limeshakuwa la njano, na kola ilikuwa na mstari mweusi.

"Hapana," alisema. "Hakuna anayenisaidia."

Neno kwa neno ilikuwa kweli. Atuganile alihisi ulimi wake ukitaka kuuliza jambo moja zaidi, akaung'ata.

"La tatu. Je, unaweza kufanya kazi zako za kila siku?"

"Nafanya ninazoweza."

"La nne. Je, una maumivu?"

"Kidogo. Uzee huo."

"La tano. Je, una wasiwasi au huzuni?"

"Mungu yupo, mwanangu."

Chini ya matano kulikuwa na mstari wa tarehe, nao aliusoma. "Bega lilianza kuuma lini?"

"Majuzi tu. Tuseme miezi mitatu."

Kifungo kikazima. Haikuchukua hata muda wa mtu kufunga vitabu vyake, kishikwambi kilichokuwa mezani kikaandika: *Kano mbili za bega la kulia zimechanika. Mazoezi, wiki kumi na mbili. Upasuaji haulipi.*

Atuganile alitoa kwenye droo mkanda wa mpira wa njano, akaonyesha namna ya kuufunga mlangoni na kuuvuta. Mzee alijaribu. Mkono ulipanda hadi usawa wa kiuno ukagoma, na jasho likamtoka usoni kwa ghafla, ila uso wenyewe haukubadilika hata kidogo.

"Ndaga fijo," alisema, akishukuru kwa lugha ya kwao. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, aligeuka. "Hizo wiki kumi na mbili zikiisha, mwiko nitaunyanyua? Maana kanisani nimewaahidi."

Atuganile alifunga droo. Alisema, "Tutaona, baba," akajichukia kwa kulisema.

*

Daktari Nyambita hakupasua tena kwa mikono yake. Chumba cha pili kulikuwa na mikono minne ya chuma iliyoshona kano nyembamba kama uzi wa buibui, ikiendeshwa na umeme wa mvuke kutoka mlima Ngozi, na kazi ya daktari ilikuwa kuitazama na kuweka sahihi. Alikuwa mtu wa Mara, mpana, mpole kuliko mwili wake. Alikuwa na tabia ya kumenya karanga wakati akisoma majalada.

"Kaa," alimwambia Atuganile. "Najua unachotaka kusema. Tupige hesabu kwanza, ndipo ulie."

"Silii."

"Basi vizuri. Mwaka wa mtu mwenye afya kamili Kibaba kinauita mwaka mzima. Kwa majibu ya huyu mzee, bega linamla mwezi mmoja na nusu kwa kila mwaka. Mazoezi yanamrudishia mwezi mmoja. Upasuaji unamrudishia mwezi na wiki moja." Alipanga karanga nne mezani, akatenga moja ya tano kando. "Hii moja ndiyo ninayoombwa niinunue. Wiki moja kwa mwaka, kwa mtu wa miaka sitini na moja. Kwa bei hiyo hiyo, chumba cha joto cha watoto njiti kinaendeshwa siku tisa. Unajua siku tisa zinanunua nini."

Alijua. Mtoto wa dada yake alizaliwa wa miezi saba, mkubwa kiasi cha kopo la maziwa, na sasa alikuwa darasa la tatu, mkorofi hasa. Kabla ya Kibaba kile chumba cha joto hakikuwapo. Kulikuwa na vyumba vya wagonjwa wenye shemeji wizarani. Watu wa umri wa Atuganile walikuwa wameshasahau, lakini mama yake hakusahau, na kila mtu alipokilaani Kibaba, mama alimuuliza kama alikuwa na shemeji wizarani.

"Namba hizi," daktari alisema, "hata ningekuwa mimi ndiye Kibaba ningemnyima."

"Namba ni za uongo."

"Alidanganya?"

"Hakudanganya. Uliza nani anamvalisha shati. Hakuna. Kwa hiyo Kibaba kinaandika anajivalisha. Lakini daktari, hajivalishi. Anakaa na shati moja wiki nzima. Mkewe alifariki, mwanawe yuko machimboni Zambia. Nyumbani yuko na mkwe wake, na mkwe hawezi."

"Mgonjwa?"

"Ni mzima. Ni mke wa mwanawe." Aliona daktari bado anangoja. "Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameacha. Lwangwa, kwa watu wa rika lake, bado. Amshike mwili? Bora mzee aoze."

Daktari aliacha kumenya karanga.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, bila kejeli. "Rufaa ni miezi mitano. Bega halina miezi mitano. Msuli ambao kano yake imekatika hauvuti kitu, na msuli usiovuta hugeuka mafuta. Ukishageuka, ile mikono ya chuma itakuwa inashona siagi. Kipimo chetu kinaona mchaniko, hakioni umri wake. Umri tunamuuliza mwenyewe. Miezi mitatu, kasema?"

"Mitatu."

"Basi muda upo, kidogo." Akazikusanya karanga kiganjani. "Kuna shahidi wa nyumbani. Mtu anayekaa naye anaweza kusahihisha majibu, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuulizwa maswali. Anaongea, kifungo kinasikiliza mpaka atakaposema amemaliza. Ukikizima katikati, jalada linafungwa moja kwa moja. Ila shahidi lazima awe anakaa nyumba ile ile."

"Ni mkwe peke yake."

"Nimesikia," alisema daktari. "Sikutumi. Nakwambia kanuni."

*

Alichagua Jumatano saa tisa, kwa sababu Jumatano saa tisa wazee wote wa Lwangwa walikuwa kanisani kwenye maombi. Tuseme ukweli, hakuna njia nzuri ya kulitaja jambo hilo: alimvizia. Njia nzima alijipa sababu, na sababu zilikuwa nzuri, na bado alipofika uani alipiga hodi kwa sauti ya chini.

Numwagile, yule mkwe, alikuwa akimenya ndizi kwenye beseni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kitambaa kichwani kimefungwa hadi kwenye nyusi. Alimletea mgeni kigoda. Waliulizana habari, na habari zote zilikuwa nzuri. Kisha Atuganile akamweleza, na kisu kikasimama.

"Dada, hayo siyajui," Numwagile alisema. "Ya baba siyajui. Nitayajuaje?"

"Mnakaa nyumba moja."

"Nyumba moja, milango miwili."

"Bila mtu wa kusema, bega linaishia hivyo. Akisema mwenyewe anasema nzuri."

"Atasemaje vingine?" Mwanamke alirudia kumenya, akamenya ndizi tatu. Kisha, akiitazama ile ya tatu, alisema, "Kama nikisema, atajua ni mimi?"

Hapa ndipo Atuganile alipopata nafasi ya kuwa mtu mwema, nayo ilipita. "Sauti inabaki kwenye jalada," alijibu. "Hatasikilizishwa." Ilikuwa kweli, kama majibu ya mzee yalivyokuwa kweli. Akabonyeza kifungo, kikawaka kijani.

Numwagile aliongea na beseni. Alisema kwamba Jumapili asubuhi jirani, Mzee Asangalwisye, huja kumvalisha baba shati la kanisani, na shati hilo halitoki mwilini mpaka Jumapili nyingine, maana wiki nzima hakuna mwanamume mwingine wa kuja. Alisema yeye huweka maji ya moto nyuma ya migomba na kukimbilia ndani, na mara nyingi huyakuta jioni yamepoa, hayajaguswa. Alisema usiku humsikia. Halii. Anahesabu. Anahesabu mbao za dari kwa sauti, mpaka mia, anarudia.

"Siku moja alijaribu kulivua mwenyewe," alisema. "Mkono ukanasa juu, shati likamfunika kichwa. Akaita. Hakuniita mimi, hawezi kuniita mimi. Aliita jina la mama, marehemu. Nilisimama nyuma ya mlango. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Dada, nilisimama mpaka wale watu wa majani ya chai walipopita barabarani, nikakimbia kuwaita. Ilikuwa tangu chai ya asubuhi mpaka jua la utosi. Nilikuwa nasikia anavyohema ndani ya lile shati."

Atuganile alikuwa akilia sasa, bila sauti, kwa sababu sauti yake haikuruhusiwa. Na pamoja na kulia alikuwa akihesabu. Kujihudumia: hawezi kabisa. Maumivu: makali. Huzuni: kubwa. Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umekuwa miezi mitano, sita. Ile karanga moja ilikuwa imekuwa gunia. Tumaini lilimpanda kifuani akalihisi kama joto. Sasa sema umemaliza, alimwomba mwanamke kimoyomoyo. Sema umemaliza, dada yangu.

"Na siyo juzi," Numwagile alisema. Alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akishaanza hakai nusu njia. "Nasikia anawaambia watu miezi mitatu. Anaona aibu kusema ameacha kazi ya kanisa muda wote huo. Alianguka kwenye jukwaa la mbao ile Pasaka ya mwaka jana, Ipyana wangu alikuwa ananyonya. Sasa Ipyana ana maneno."

Kidole cha Atuganile kilikuwa kwenye kifungo kabla yeye mwenyewe hajajua. Pasaka ya mwaka jana. Miezi kumi na saba. Akikizima, jalada limefungwa, na yote aliyoyasema mwanamke huyu kwa shida hiyo yametupwa. Akikiacha, miezi kumi na saba imeingia, na haitoki. Alitafuta njia ya tatu, kwa haraka, kwa jasho, kama mtu anayetafuta ufunguo mbele ya mlango unaowaka moto. Njia ya tatu haikuwapo. Kidole kilikaa pale, kisha kikaondoka.

Mtu alikohoa upande wa barabara.

Kilikuwa kikohozi cha makusudi, cha mara mbili, kile ambacho kila baba mkwe wa Lwangwa hukohoa anapokaribia uani ili mke wa mwanawe apate kuondoka. Numwagile alishtuka, beseni likapinduka. Akafunika uso kwa kanga.

"Nimemaliza," alisema kwa sauti ya kunong'ona, akakimbilia migombani.

Mzee Ambilikile alikuwa amesimama nyuma ya michongoma. Maombi yalikuwa yameisha mapema, au hayakumkalisha. Muda gani alikuwa amesimama hapo Atuganile hakuwahi kuujua, ila alijua kikohozi kilichelewa. Mzee aliingia polepole, akaokota ndizi moja iliyobiringika, akairudisha kwenye beseni kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, baba," Atuganile alisema.

"Marahaba." Akakaa kwenye kigoda. Alilitazama lile beseni. "Mwanangu, wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi sijafa. Sijapelekwa bado kwa waosha."

"Nilitaka upate upasuaji, baba."

"Najua ulitaka."

"Ungerudi kwenye dari."

"Najua," alisema tena, na hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

Kishikwambi kililia ndani ya mfuko. Atuganile alikitoa na kusoma, kwa sababu hakuweza kuacha kusoma. *Majibu yamesahihishwa. Hali ya mgonjwa: mbaya. Umri wa mchaniko: miezi kumi na saba. Msuli unakadiriwa kuwa mafuta. Mishono sita kati ya kumi itaachia ndani ya mwaka. Upasuaji haulipi. Mazoezi yaendelee.*

Mzee alikuwa mzima mno kupasuliwa, na sasa alikuwa mgonjwa mno kupasuliwa. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na siku fulani, labda mwezi mmoja wa mwaka jana, ambapo bega la Mzee Ambilikile lingekilipa Kibaba sawasawa. Siku hizo aliulizwa habari na kila aliyempita, naye alijibu nzuri.

"Wanasemaje?" mzee aliuliza.

Alimwambia. Alimwambia yote, na hesabu zake, kwa sababu kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa kilikuwa kutomficha. Mzee alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, kama anavyosikilizwa mtu aliyetoka mbali.

"Basi," alisema mwishoni. "Pole na safari. Hujala kitu hapa kwetu." Aligeuka kuelekea mlangoni ili aagize mgeni aletewe chai, mdomo ukafunguka, kisha akaufumba. Hakukuwa na wa kumwagiza. Kule migombani majani yalikuwa yametulia.

*

Wiki kumi na mbili zilipita, na Atuganile alisikia mambo kwa vipande, kama yanavyosikika katika mji mdogo. Numwagile alirudi kwao Ipinda usiku ule ule, na mtoto. Hakufukuzwa. Alisema tu kwamba hawezi kumpikia mtu ambaye amemtangaza, na mzee naye, ilisemekana, hakuweza kula chakula cha mtu aliyemsikia akihema. Mume alipiga simu kutoka Zambia akampigia kelele kila mtu. Jirani Asangalwisye alianguka kiharusi katika mwezi wa pili wa hizo wiki.

Alhamisi ya wiki ya kumi na mbili, mzee alikuja mwenyewe, kwa saa iliyopangwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

Aliunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akasalimia. Alikuwa amekonda. Shati alilokuwa amevaa alikuwa amelichana mwenyewe ubavuni, kutoka kwapa hadi pindo, na kulitia vijikamba vya mgomba vya kufungia, ili aweze kuliingia kwa upande kama anayeingia kwenye gunia. Suruali ilikuwa imekazwa kiunoni kwa mkanda wa mpira wa njano. Mkanda wa ngozi unahitaji mikono miwili, na ule wa mpira mtu anaweza kuuvuta kwa mmoja na meno.

Kifungo kiliwaka kijani.

"Je, una shida yoyote ya kutembea?"

"Hapana."

"Je, unahitaji msaada wa mtu mwingine kuoga au kuvaa nguo?"

"Hapana. Najivalisha." Alisema hilo kwa namna ya fahari, na Atuganile aliinamia kishikwambi asije akaonekana macho.

"Je, unaweza kufanya kazi zako za kila siku?"

"Sasa napika pia."

"Je, una maumivu?"

"Nimeyazoea."

"Je, una wasiwasi au huzuni?"

Mzee alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu akae, alimtazama moja kwa moja, kwa muda, na Atuganile alidhani sasa atasema. Alitamani aseme. Alitamani atukane, amtaje kwa jina, amwambie mbele ya mtambo alichomfanyia nyumbani kwake. Hilo Kibaba kingelisikia.

"Nzuri tu, mwanangu," mzee alisema taratibu, kama anayemfariji mtoto. "Namshukuru Mungu. Ule mkanda mlionipa nautumia kila siku."

Kishikwambi kiliandika: *Mazoezi yamefaa. Mhoji athibitishe kwamba majibu yamesomwa na kujibiwa kama yalivyo.* Chini yake kulikuwa na mahali pa dole gumba. Alijua akikataa kuthibitisha, jalada lingefungwa na mzee angepoteza hata vidonge vya maumivu vya kila mwezi, vile vya kumwezesha kulala walau muda wa saa tatu. Majibu yalikuwa yamesomwa. Yalikuwa yamejibiwa. Akaweka dole gumba.

Maandishi yakabadilika. Kibaba kilikuwa hodari wa kujifunza, na hakikupoteza jibu la mtu yeyote. *Ushahidi mpya umepokewa. Wagonjwa wa bega, Nyanda za Juu Kusini: uwezekano wa mazoezi kufaa, hata kwa michaniko mikubwa na ya zamani, umepanda. Kiwango cha kuidhinisha upasuaji kimepandishwa kuanzia leo.*

Alisoma mara mbili. Mzee alikuwa ameshasimama, akilivuta shati lake lifunike ubavu, akiaga. Aliuliza habari za mama wa Atuganile, akaambiwa mzima, akatuma salamu. Akauliza kama ile dari ya sebule bado ipo.

"Ipo, baba. Haina hata ufa."

"Ile niliipiga vizuri," alisema, akatoka.

Katika mlango alipishana na mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, mchangamfu, kichwa kimesukwa vizuri sana na mtu mwingine. Jalada lilisema ni msusi wa Kiwira, mjane, watoto wanne, kano moja imechanika, huu ni mwezi wa pili. Mwezi wa pili. Msuli wake bado ulikuwa msuli. Jana angepata upasuaji.

Atuganile alinyoosha mkono kwenye kola akivue kifungo kwanza, amwambie mambo mawili matatu kabla hawajaanza, hata kama kazi ingeisha siku hiyo. Mwanamke alikuwa mwepesi kuliko yeye. Alikuwa ameshafika mezani, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, ameunyanyua, ameunyoosha, na kifungo kilikuwa kimeshawaka.

"Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo, mama," Atuganile alisema, kwa sababu ameulizwa. "Habari za Kiwira?"

"Nzuri tu," alisema msusi, akitabasamu, jasho likimtoka juu ya mdomo. "Sisi wazima kabisa."